Ngazi Inayoishia Ukutani

Sehemu ya Tisa

Kengele ya mlango ililia mara ya pili, ndefu, kama mtu ameiegemea kwa kiwiko. Bi Geesje alikuwa ameinua kisu juu ya keki ya matufaha, na kisu kikabaki palepale hewani.

"Ni yeye," alisema Harmen kutoka dirishani. "Amekuja na wakili. Na mama yake kamkokota pia."

Tukatazamana duara zima. Tulikuwa tumekaa kwa mduara, magoti yanagusana, kikombe cha kahawa mkononi, kama tunavyokaa kila jirani anapotimiza mwaka. Siku ya kuzaliwa ya Bi Geesje tuliikumbuka sote. Kwamba leo ilikuwa pia zamu yake ya kufundisha, hakuna aliyekumbuka mpaka kengele ilipolia.

Kama wewe ndiyo kwanza unajiunga nasi, nakupa kwa ufupi, maana Bwana Reinout yuko mlangoni na subira hana.

Jengo letu lilikuwa shule. Lipo ukingoni mwa mfereji hapa Leiden: matofali mekundu, mnara wa saa, mlango wa wavulana kushoto na wa wasichana kulia, madirisha yanayoanzia juu ya vichwa vya watoto ili wasichungulie barabarani. Chini ya mnara kuna kidirisha cha duara chenye mapazia meupe pee, na kila mmoja wetu anamwonea wivu mwenzake aliyebahatika kukipata. Upande wa wasichana kuna ngazi nzuri ya mawe inayopanda, inapanda, kisha inaishia ukutani. Ya kazi gani, hatujui. Hatujauliza.

Kiwanja alikitoa tajiri wa nguo, Cornelis van Swaenburg, akaacha na wosia. Siku yoyote ya shule itakayopita bila somo kufundishwa humu kabla saa ya mnara haijagonga saa kumi, jengo lote lirudi kwa uzao wake. Watoto wakahamishiwa shule mpya, manispaa ikageuza madarasa kuwa nyumba, sisi tukanunua. Wosia tuliusoma tulipokwisha kutundika mapazia. Tangu siku hiyo tunafundishana wenyewe kwa wenyewe, kwa zamu, kila siku ya shule.

Mtacheka. Hata sisi tulicheka, mwezi wa kwanza.

Ubaya ni kwamba mwaka jana Reinout, kitukuu wa huyo Cornelis, alikwenda mahakamani, na jaji akaamua kwamba somo ni lile linalomwachia mtu jambo ambalo hakulijua. Sasa sisi tumefundishana miaka sita. Harmen, aliyekuwa mfungua daraja la kupisha mashua, ametufundisha kufungua daraja mpaka tunaliota. Bi Geesje ametumalizia mapishi ya supu ya njegere. Mimi ninayekaa kwenye kilichokuwa chumba cha makoti, ambako ndoano za watoto zinanidunga nyonga kila asubuhi kwa sababu jengo ni la kale na haziruhusiwi kung'olewa, niliwafundisha kupiga mluzi kwa vidole. Kila anachokijua mmoja, sasa wanakijua wote. Elimu imetuishia.

Na aliyekuwa na cha kupoteza kuliko sote ni Bi Geesje. Chumba chake ndicho darasa alilosomea akiwa na meno ya utotoni. Aliuza banda lake la maua sokoni akakinunua, na ubao ule ule ukutani. Akitolewa hapa hana pa kwenda ila kwa dada yake huko Zwolle, mwanamke anayelifunga kwa kamba bati lake la biskuti ili mgeni asichukue ya pili.

Kengele ikalia mara ya tatu.

"Tusifungue," nikanong'ona. "Tuzime taa."

"Siku yangu ya kuzaliwa nimfungie mtu mlango?" alisema Bi Geesje. "Watanionaje?"

Akafungua.

Reinout aliingia na koti refu na tabasamu refu zaidi. Nyuma yake Wakili Terpstra, mwanamke mkavu mwenye miwani, aliyeteuliwa na mahakama kushuhudia. Nyuma kabisa Bi Odilia, mama yake Reinout, kibibi kidogo chini ya kofia kubwa ya kijani.

"Nimepita ukumbi wa mazoezi mnakofundishana," alisema Reinout. "Hakuna mtu, kamba tu zinaning'inia. Robo saa imebaki. Wakili, andika kwamba leo hakuna somo."

"Bwana Reinout," alisema Bi Geesje, "leo ni siku yangu ya kuzaliwa."

Nilimwona jamaa anameza mate. Katika mji huu unaweza kumtoa mtu nyumbani kwake na bado ukasalimiwa sokoni. Lakini uingie kwenye siku ya kuzaliwa ya mtu usitoe hongera? Usingepata hata kinyozi wa kukunyoa.

"Hongera," akasema, akampa mkono.

Na kwa kuwa hongera haiishii kwa mwenyewe, ikabidi auzunguke mduara mzima, mmoja baada ya mwingine, awapongeze watu anaotaka kuwafukuza.

"Hongera kwa jirani yako."

"Asante. Hongera nawe."

"Hongera kwa jirani yako."

"Asante," alisema Harmen, akamng'ang'ania mkono. "Nawe hongera kwa huyu unayemtupa nje. Kahawa utaweka maziwa?"

Akawekewa kahawa. Akakatiwa kipande cha keki, kimoja. Akakaa, maana mtu hanywi kahawa amesimama.

"Mama, kaa pale ubaoni, karibu na joto," alimwambia Bi Odilia. "Usiongee. Na usile sukari." Kisha akatugeukia. "Ni wa kutia sahihi tu, hati ya kulichukua jengo. Yeye ndiye mkubwa wa familia sasa. Akishatia, nampeleka kwenye nyumba ya wazee huko Drenthe. Kuna hewa safi."

Alimsema hivyo mbele yake, kama anasema habari za kabati. Bi Odilia aliivua glavu moja taratibu akaiweka pajani.

"Na Mzee wako?" aliuliza Bi Geesje. Hakuwa na nia mbaya, ni mazungumzo tu.

"Baba alitumbukia mfereji huu huu, miaka tisa iliyopita. Alitoka kutembea, hakurudi, ikaokotwa kofia tu." Reinout akafuta mdomo. "Mfanyabiashara asiyejua saba mara nane. Aliniachia madeni na mama."

Bi Geesje alichukua kisu. Alikata kipande kinene cha keki, akakimwagia krimu, akampelekea Bi Odilia huku mwanawe akitazama saa.

Hapo Harmen akasimama. "Haya, somo. Daraja hufunguliwaje? Kwanza unashusha kizuizi."

Wakili Terpstra akainua macho. "Kuna asiyejua hili?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Wewe?" akamuuliza mama wa ghorofa ya juu.

"Najua," akajibu. "Kizuizi, taa, kisha mtambo."

Nikamkanyaga mguu. "Si ungesema hujui?"

"Lakini najua. Kaniuliza, nimemjibu."

Hapo ndipo watu wangu wanaponimaliza. Tunaweza kumwambia bibi harusi usoni kwamba gauni limembana. Lakini uongo mdogo tu wa kuliokoa paa juu ya vichwa vyetu, hatuuwezi, ulimi unakufa ganzi.

"Basi mimi," nikasema, "nitawafundisha mluzi wa vid—"

Chumba kizima kikapiga mluzi, kwa pamoja, kwa vidole viwili, safi kabisa. Sijui nijivunie au nilie.

"Imebaki kidogo," alisema Reinout, akachota krimu.

Tukakimbilia jikoni. Ni kona tu iliyotengwa kwa kabati, lakini tulijibana humo wote kumi na kitu, tukafunga kijimlango. Bi Geesje aliegemea kijimlango.

"Fikirini jamani. Kitu chochote. Harmen, hujui Kichina?"

"Najua kuomba supu."

"Ulitufundisha," tukasema sote.

Yaliyotokea nje ya kijimlango kile sikuyaona. Alinisimulia wakili mwenyewe baadaye, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi.

Reinout alikuwa anatembea chumbani, furaha imempanda kichwani. Alimwambia wakili atafanya hoteli. Hapa baa, pale mapokezi, na ile ngazi ya wasichana ataivunja aweke lifti.

"Ile inayoishia ukutani?" aliuliza wakili. "Inaishia ukutani kwa nini?"

Reinout akacheka. "Unaona? Wanaishi hapa miaka sita na hawajui. Njoo, tazama hapa."

Akaokota chaki. Akachora jengo ubaoni, ngazi mbili, moja kila upande. Akaeleza kwamba mchoraji wa ramani alizifanya zikutane juu, kwenye ukumbi. Siku ya ufunguzi Cornelis akapanda kukagua, akaona kwamba wavulana na wasichana watakutana kileleni, presha ikampanda. Akaita fundi siku hiyo hiyo, ukuta ukajengwa kwenye ngazi ya wasichana, nao wakasomea chini mpaka shule ilipohama. Alieleza vizuri, na mishale akachora, na neno "ukuta" akalipigia mstari.

Kisha saa ya mnara ikagonga saa kumi.

Tulitoka jikoni kichwa chini. Bi Geesje alikaa kwenye kiti chake, akaufuta ukingo wa meza ambao haukuwa na vumbi.

"Basi," alisema Reinout. "Mama, shika kalamu ya wakili."

Bi Odilia akaishika.

"Bado," alisema Wakili Terpstra. "Leo somo limefundishwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Reinout akageuka kuutazama ubao, na mishale yake. Chaki alikuwa bado nayo mkononi.

"Nilikuwa napiga soga tu!"

"Ulisimama ubaoni, ukachora, ukasema 'tazama hapa'. Wosia hausemi mwalimu awe nani. Unasema somo."

Harmen alianza kucheka kwa tumbo. Jamaa alikuwa amejitia kitanzi kwa mkono wake mwenyewe, tena akakipigia na mstari. Lakini akina van Swaenburg si watu wa kukata tamaa upesi. Reinout aliiweka chaki chini, akajipangusa vidole.

"Vizuri. Mwanafunzi ni nani? Wewe wakili ni shahidi, huhesabiwi. Nani alinisikia?"

Wakili akatugeukia. "Nani alimsikia?"

Ningewachapa wote. Maana kabla sijafungua mdomo, Harmen, mtu mzima na mvi zake, akajibu, "Tulikuwa jikoni."

"Wote?"

"Wote. Tulifunga na mlango."

Tabasamu likamrudia Reinout taratibu, meno yote. Na hapo, pembeni, karibu na joto, mkono ukanyooka. Kidole cha shahada juu, kiwiko kimeshikiliwa na mkono wa pili, kama mtoto wa darasa la pili anayeogopa kurukwa. Krimu ilikuwa kwenye kidevu.

"Naomba kujibu, mwalimu," alisema Bi Odilia.

"Mama, shusha mkono."

"Bibi, jibu," alisema wakili.

Akajibu. Ngazi mbili, ukumbi, Cornelis, presha, fundi, ukuta. Hakuacha kitu. Hata mishale aliitaja ilivyoelekea.

"Haihesabiwi," alisema Reinout, sasa sauti imepanda. "Huyu ni wa familia. Alikwishajua. Mama, mwambie kweli. Baba alikusimulia habari ya ukuta ule, sivyo?"

"Alinisimulia."

Bi Geesje akafumba macho.

"Lakini si hivi," akaendelea kibibi. "Hii yako ndiyo naisikia leo. Baba yako aliniambia jambo jingine kabisa."

Sijui nani alianza kushangilia. Najua kwamba Harmen alimbusu wakili shavuni, na wakili alimwambia asirudie. Bi Geesje alimkumbatia Bi Odilia na kofia yake. Mtu akafungua bati la biskuti kwa mara ya pili mchana huo huo, jambo ambalo katika nyumba hii halijapata kutokea.

Tungeishia hapo tungekuwa watu wenye furaha. Lakini Wakili Terpstra ni mtu wa kumaliza kazi.

"Jambo gani jingine?" akauliza.

"Mume wangu alisema wavulana na wasichana hawahusiki," alisema Bi Odilia. "Alisema palikuwa na mwalimu mkuu wa kwanza, mkaidi. Cornelis akamwambia kazi imekwisha, ashuke aende nyumbani. Yeye akasema hashuki mpaka amalize somo. Wakambembeleza, wakachoka. Mwisho wakajenga ukuta, wakamwacha amalize."

Wakili akavua miwani, akaifuta. "Hilo linaleta tatizo. Kama habari ya mumeo ndiyo kweli, basi Bwana Reinout leo amefundisha uongo. Uongo haumwachii mtu elimu. Uongo si somo."

Hapo, msomaji wangu, ndipo dunia ilipogeuka chini juu.

"Uongo mtupu!" alisema Reinout, uso umenawiri. "Mimi nathibitisha. Sikujua hata nilichokuwa nasema. Ngazi mimi nazijulia wapi?"

"Usijishushe hivyo, mwalimu," alisema Harmen. "Ulieleza vizuri sana."

"Mimi si mwalimu wako."

"Tuna imani nawe," alisema Bi Geesje. "Mtu wa ukoo kama wako hawezi kudanganya darasa."

"Naweza! Nadanganya kila siku!"

"Utajibu ukuta wenyewe," alisema wakili, akachukua koti lake.

Tukaandamana mpaka ngazi ya wasichana. Harmen alikuja na nyundo, na wote tukampigia kelele, maana ukuta ule ni wa kale na ukiugusa na nyundo manispaa inakufungia maji. Bi Geesje bado alikuwa ameshika kisu cha keki. Tulipofika nusu ya ngazi akasimama.

"Huko nyuma ya ukuta," alisema, "si ndiko kwenye kile kidirisha cha duara? Cha kwako, Harmen."

"Cha kwangu? Nilidhani chako."

"Mimi sina cha duara."

Tukaulizana mmoja mmoja, ngazi nzima, mpaka mimi wa chumba cha makoti. Hakuna mwenye nacho. Miaka sita kila mtu alijua ni cha jirani, na habari za jirani mtu haulizi.

"Basi yale mapazia anayafua nani?" aliuliza Bi Geesje.

Tukapanda mpaka pua zetu zikafika ukutani. Reinout alikuwa anatabasamu bado, lakini jasho jembamba lilikuwa linamtoka. Kwa kuwa kuvunja hakuruhusiwi, Bi Geesje akafanya anachofanya mtu mwenye adabu. Akabisha.

Akabisha tena.

Nyuma ya ukuta kiti kikasukumwa. Zikaja hatua za polepole. Kisha sauti kavu, ya mtu aliyekatizwa, ikasema:

"Mna miadi?"

Bi Geesje alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Samahani sana. Hatuna."

"Basi njooni Alhamisi. Niko katikati ya somo."

Hatua zikarudi. Mkono wa Harmen ulikuwa unanifinya bega na hakujua. Wakili Terpstra alivaa miwani yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kama kuna somo, kuna mwanafunzi."

Tukaweka masikio ukutani, wote, hata Reinout. Fimbo iligonga meza. Ile sauti kavu ikasema, "Tena. Saba mara saba."

"Arobaini na tisa," ikajibu sauti nyingine, nene, ya mwanamume mtu mzima, imechoka.

"Saba mara nane."

Mtu akapumua.

"Hamsini na nne?"

Fimbo ikagonga. "Tena, tangu mwanzo."

Nikageuka kumtazama Reinout. Alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili, na rangi yote imemtoka usoni. Bi Odilia alipita katikati yetu, akafika mbele, akauwekea ukuta kiganja chake kile kisicho na glavu. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini kofia aliisawazisha kwanza.

"Reinout," alisema, "mrudishie wakili kalamu yake. Baba yako yu hai, na jengo hili lisipokuwa lao ni lake, si lako."

Kisha akabisha yeye mwenyewe, kwa ngumi.

"Hamsini na sita, Lambert," akasema. "Toka humo, twende nyumbani."

Ndani, kiti cha pili kikasukumwa. Na ile sauti kavu ikasema, "Nani kamnong'oneza jibu mwanafunzi wangu? Huyo naye aingie."

Mbele ya macho yetu tofali moja likaanza kusogea.